Mkono Usivimbe Baada ya Kupasuliwa Titi

Mama mwenye saratani ya titi akipasuliwa, mara nyingi daktari humtoa pia matezi ya kwapani. Anatazama kama ugonjwa umefika huko. Lakini matezi hayo yana kazi. Maji ya mwilini yanayotoka mkononi hupita humo kabla ya kurudi kwenye damu. Ni kama mfereji wa shamba: ukiziba, maji hutuama. Mkono nao hujaa, ukavimba.

Si kila mama huvimba. Katika akina mama 5 waliotolewa matezi mengi, kama 1 hivi hupata uvimbe. Akitolewa machache, hatari hupungua sana. Ila uvimbe waweza kuja hata baada ya miaka, kwa hiyo usijisahau jeraha likishapona.

Adui mkubwa ni kidonda. Vijidudu vikiingia mkono huo, mwili hauna nguvu ya kuvizuia upesi. Ukikata majani au kutengeneza samaki, vaa glavu. Huna? Mwachie mwingine kazi hiyo. Epua sufuria kwa kitambaa kizito. Paka mafuta ngozi isipasuke. Mwiba ukikukwaruza, osha palepale kwa maji safi na sabuni. Kwapa la upande huo usilinyoe kwa wembe. Na chale je? Hapana kabisa! Wapo wanaochanjwa ati maji yatoke. Maji hayaishi, bali vijidudu vinapata mlango.

Kuhusu kazi, zamani akina mama hawa walikatazwa kunyanyua vitu. Mwaka 2010 ikatoka taarifa ya utafiti wa Marekani: waliofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, wakiongeza uzito kidogo kidogo, hawakuvimba kuliko wenzao wasiofanya. Basi jembe si mwiko. Daktari akikuruhusu, anza na tuta moja, siku nyingine mawili. Ndoo iwe nusu kwanza. Mkono ukichoka au kuuma, pumzika.

Tena chukua uzi. Zungusha mkononi, chini ya kiwiko, ufunge fundo. Kila mwezi pima mahali palepale. Fundo lisipofika, au bangili ikianza kubana, nenda hospitali mapema. Uvimbe mdogo hutulizwa kwa mazoezi na soksi maalumu ya mkono. Ukikomaa ni vigumu.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, usingoje kesho. Nenda zahanati siku hiyohiyo, mwambie mganga kwamba ulitolewa matezi. Utahitaji dawa ya kuua vijidudu. Kama ni sindano, omba uchomwe mkono wa pili.