Uyoga wa kichuguuni

SWALI: Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga mkubwa huchomoza kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shamba letu, lakini kando yake hauoti hata mmoja. Kichuguu kina nini?

JIBU: Kina bustani. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa vya namna hiyo hulima kuvu. Hula majani makavu na vijiti, kisha hutoa kinyesi ambacho bado hakijameng'enywa vizuri na kukifinyanga kuwa masega yenye vitundu, ndani ya vyumba vya chini ya ardhi. Kuvu huota humo na kulainisha mabaki magumu ya mimea, ndipo mchwa huyala masega. Ushirika huu ulianza Afrika, miaka ipatayo milioni 30 iliyopita.

Uyoga unaouona ni tunda la kuvu hiyo. Utazame kwa karibu: katikati ya kofia pana ncha ngumu, iliyochongoka. Ndiyo inayotoboa udongo. Sasa fukua taratibu kando ya shina, usilivute. Utaona linazidi kushuka, jembamba na refu, kuelekea kwenye sega. Hilo hunistaajabisha kuliko ukubwa wa kofia, ijapokuwa aina moja ya Zambia hufikia upana wa mita 1.

Usiule kwa kufananisha tu. Upo uyoga wa nyasini wenye sumu unaoshabihiana nao. Mikunjo ya chini ya kofia yake hugeuka kijani ukikomaa, lakini ukiwa mchanga ni myeupe. Mwonyeshe kwanza mtu anayeujua vizuri uyoga wa kwenu.