Safari ya Mirihi na Hesabu ya Pumzi

Wengi hudhani kwamba ugumu wa kumpeleka binadamu katika sayari ya Mirihi umo katika roketi. Lakini chombo kisicho na watu, Viking 1, kilitua huko salama mwaka 1976. Ugumu mkubwa zaidi ni huu: msafiri ataishije siku zote za safari, mbali na hewa, maji na chakula cha dunia?

Tuanze na muda. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365, na Mirihi kwa siku 687. Kwa sababu hiyo sayari hizi hukaa mahali panapofaa kwa safari mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Chombo kikiondoka wakati huo hufika baada ya miezi 7 hadi 9. Wasafiri hawawezi kurudi papo hapo, kwani dunia itakuwa imewatangulia mbali; yawabidi wangoje zaidi ya mwaka mmoja. Kwenda, kungoja na kurudi ni siku zipatazo 900.

Sasa tufanye hesabu. Mtu mmoja hutumia oksijeni ipatayo kilo 0.84 kwa siku. Basi watu 4 watahitaji:

0.84 × 4 × 900 = kilo 3,024

yaani tani 3. Sehemu ya oksijeni hiyo yaweza kupatikana tena kutokana na pumzi itolewayo, kama ifanyikavyo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Lakini kituo hicho kipo kilomita 400 hivi tu juu yetu, na mtambo ukiharibika, vipuri hupelekwa. Mirihi, hata ikiwa karibu kabisa, iko zaidi ya kilomita milioni 54.

Je, hewa ya Mirihi yafaa? Kanieneo yake haifikii asilimia 1 ya kanieneo ya hewa yetu, na asilimia 95 yake ni kaboni dayoksaidi. Hata hivyo, ndani ya gesi hiyo mna oksijeni. Kati ya mwaka 2021 na 2023, mtambo mdogo uitwao MOXIE, uliobebwa na chombo cha Marekani Perseverance, uliipasha moto hewa hiyo na kuitenganisha kwa umeme. Katika majaribio 16 ulitoa gramu 122 za oksijeni. Kiasi hicho humtosha mtu mmoja kwa saa tatu na nusu tu. Njia imeonekana, kilichobaki ni kuunda mtambo mkubwa zaidi, wenye umeme wa kutosha, utakaofanya kazi kwa miezi mingi bila fundi.

Zoezi

1. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mirihi ikiwa umbali wa kilomita milioni 360, swali la wasafiri litafika duniani baada ya dakika ngapi?

2. Jibu nalo litawafikia lini? Eleza kwa nini wasafiri hao lazima wafunzwe kuutengeneza wenyewe mtambo wao wa oksijeni.