Kwa nini tiba ya miale huleta kuhara

Ikiwa unatibiwa saratani ya njia ya uzazi kwa miale, huenda tumbo likaanza kuendesha katika wiki ya pili au ya tatu. Usidhani kwamba saratani imeenea.

Ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba huchakaa upesi na kubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Kazi hiyo hufanywa na seli mama, zilizojificha katika vishimo vidogo, ambazo hugawanyika mchana na usiku. Miale hudhuru zaidi seli zinazogawanyika. Ndiyo sababu huua saratani, na ndiyo sababu huumiza seli mama zilizo karibu. Hizi zikipungua, ngozi iliyochakaa hukosa mrithi, utumbo hushindwa kufyonza maji, nawe unahara.

Dozi hugawanywa kwa siku nyingi ili seli mama zilizosalia zipate nafasi ya kuzaa nyingine. Usikatize tiba kwa uamuzi wako. Saratani nayo itapata nafasi ya kukua. Kunywa maji kwa wingi na umwarifu daktari mapema. Ukiona damu, homa au kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wengi, tumbo hutulia wiki chache baada ya tiba kumalizika.