Majuma ya Kwanza Ugenini: Afya ya Kijana Anayeishi na Familia Mwenyeji Nje ya Nchi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya, mzazi na kijana anayejiandaa kusafiri wataweza:

1. Kueleza mabadiliko ya mwili na nafsi yanayompata kijana katika majuma ya kwanza ya kuishi ugenini.
2. Kutofautisha kihoro cha kawaida cha kukumbuka nyumbani na sonona inayohitaji tiba.
3. Kutambua kwa nini homa ya msafiri aliyetoka Afrika Mashariki haipaswi kuchukuliwa kuwa mafua hadi apimwe.
4. Kuandaa taarifa za afya ambazo kijana atazibeba safarini.

Utangulizi

Vijana wa sekondari kutoka Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanaopokewa Marekani kusoma kwa mwaka mmoja wa masomo, wakiishi katika nyumba za familia zilizojitolea kuwalea. Programu mojawapo inayojulikana ni Kennedy-Lugar YES, iliyoanzishwa Oktoba 2002 na kugharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mpango mwingine mkongwe wa aina hii, AFS, una asili ya kitabibu: ulitokana na madereva wa kujitolea walioendesha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa tangu mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukageukia kubadilishana wanafunzi.

Wanafunzi hawa huwa na umri wa miaka 15 hadi 18 hivi. Wengi huondoka wakiwa wazima na wenye furaha. Hata hivyo, majuma manne hadi sita ya mwanzo ni kipindi ambacho mwili, usingizi, tumbo na moyo hubadilika kwa pamoja, huku mtu anayemwangalia kijana akiwa hamjui bado. Mama mzazi hutambua kwa sauti tu kwamba mwanawe hayuko sawa. Familia mwenyeji haijapata uzoefu huo. Hapo ndipo hatari inapojificha.

Saa ya mwili na usingizi

Chukulia mwanafunzi wa miaka 16 aliyetoka Morogoro na kufika jimbo la Minnesota mwezi Agosti. Tofauti ya majira ni saa 8. Inapokuwa saa 9 alasiri huko, mwili wake bado unaamini ni saa 5 usiku. Kikundi kidogo cha chembe za neva kilichomo katika haipothalamasi ya ubongo huongoza saa ya mwili, na hupokea habari za mwanga kupitia macho. Saa hiyo haigeuki kwa siku moja. Hujirekebisha kwa wastani wa saa moja hivi kila siku, na huenda kasi kidogo zaidi kwa anayesafiri kuelekea magharibi. Kwa hiyo mwanafunzi huyu atahitaji takribani juma zima.

Katika siku hizo atasinzia kabla ya chakula cha jioni na kuamka saa 8 usiku akiwa na njaa, kwa kuwa nyumbani ni saa 4 asubuhi. Familia mwenyeji isiyoelewa jambo hili huweza kudhani kijana amenuna au anawakwepa. Tiba yake ni rahisi: akae nje penye mwanga wakati wa alasiri na jioni, asilale mchana zaidi ya nusu saa, na aweke simu mbali anapoamka usiku. Kwa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku.

Uchovu mwingine hutokana na lugha. Kusikiliza na kujibu kwa lugha ya pili kutwa nzima huuchosha ubongo, hata kwa mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani nyumbani. Kijana anayeingia chumbani na kufunga mlango baada ya shule huenda anahitaji tu saa moja ya ukimya.

Meza ya chakula

Kuna jambo dogo la adabu ambalo limewalaza vijana wengi na njaa. Katika malezi ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mgeni akikaribishwa chakula hukataa kwanza kwa heshima, akijua mwenyeji atamsisitiza. Katika nyumba nyingi za Marekani, mtu huulizwa mara moja. Akisema ametosheka, sahani huondolewa. Hakuna aliyekosa adabu, bali desturi mbili zimepishana. Kijana afundishwe kabla ya safari kwamba kusema "ndiyo, tafadhali" si uroho, na familia mwenyeji ielezwe iulize mara ya pili. Kijana Mwislamu aseme mapema kuhusu nyama ya nguruwe, gelatini na nyakati za swala.

Maziwa baridi asubuhi na jibini katika vyakula vingi huleta tatizo jingine. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wana uwezo mdogo wa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, ingawa katika jamii za wafugaji kama Wamaasai wengi hubaki na uwezo huo. Tumbo kujaa gesi, kuunguruma na kuharisha saa chache baada ya kunywa maziwa ni dalili zake. Kwa upande mwingine, kupungua kwa maharage, mboga za majani na matunda huleta choo kigumu. Wasichana huweza kukosa hedhi mwezi mmoja au miwili kutokana na safari na msongo. Hali ikiendelea zaidi, au kukiwa na uwezekano wa ujauzito, waonwe na daktari.

Kihoro cha nyumbani na mshtuko wa utamaduni

Tabibu kijana Johannes Hofer, katika tasnifu yake ya mwaka 1688 kwenye Chuo Kikuu cha Basel, aliyaeleza mateso ya watu waliokuwa mbali na kwao kama ugonjwa, akaupa jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Leo hali hiyo haihesabiwi kuwa ugonjwa, ila maumivu yake ni ya kweli. Kifua hubana, hamu ya kula hupungua, machozi hutoka bila sababu ya wazi, hasa usiku na siku za mapumziko.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya utafiti katika ufalme wa Ankole nchini Uganda, alieleza mshtuko wa utamaduni katika makala yake ya mwaka 1960 kwa hatua zinazofuatana: furaha ya mwanzo, dhiki, ahueni, na hatimaye kuzoea. Mgawanyo huo husaidia kufundishia, lakini usichukuliwe kuwa sheria. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa kwa vijana wengi dhiki huwa kubwa tangu siku za mwanzo kabisa. Kijana asiyeipata furaha ya juma la kwanza hajashindwa.

Heshima nayo huleta utata. Aliyefundishwa kuwaamkia wakubwa shikamoo na kutowakazia macho hujikuta akiambiwa amwite baba mwenyeji kwa jina lake la kwanza na amtazame usoni anapozungumza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia mwenyeji nayo hutarajia kijana aoshe vyombo na kusafisha chumba chake kama watoto wengine wa nyumba. Kupewa kazi hizo ni dalili kwamba amepokewa kuwa mwanafamilia.

Simu ya nyumbani ni dawa yenye kipimo. Kuzungumza na mama kila usiku kwa saa mbili huchelewesha kuzoea na kumnyima kijana usingizi. Kukata mawasiliano kabisa huongeza upweke. Wengi hufaidika kwa kupanga siku maalumu. Saa 3 asubuhi ya Jumamosi huko Minnesota wakati wa kiangazi ni saa 11 jioni Tanzania, wakati unaowafaa wote.

Lini si kihoro tena?

Kihoro cha kawaida huja na kuondoka: kijana hulia usiku, kesho yake akacheza mpira na kucheka. Yafuatayo yanaashiria sonona au hatari nyingine, na yanahitaji mtaalamu:

- Huzuni au kukosa raha karibu kutwa nzima, kila siku, kwa majuma mawili au zaidi.
- Kuacha kula, kupungua uzito waziwazi, au kutolala hata baada ya saa ya mwili kuzoea.
- Kushindwa kwenda shule au kujitenga na watu wote.
- Kusema kwamba ni mzigo, kutamani kufa, au kujidhuru.

Dalili ya mwisho haisubiri hata siku moja. Nchini Marekani namba 988 hupokea simu za watu walio katika dhiki ya nafsi saa 24, na 911 ni ya dharura. Kumuuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.

Mabadiliko ya ghafla ya tabia huweza pia kutokana na kuguswa mwili isivyofaa, kutukanwa au kunyimwa chakula. Kanuni za Marekani zinataka watu wazima wote wa familia mwenyeji wachunguzwe rekodi za jinai, na mratibu wa eneo awasiliane na mwanafunzi angalau mara moja kwa mwezi. Kijana ajue kabla ya kuondoka kwamba kuomba kuhamishwa nyumba ni haki yake, na kwamba kusema ukweli si utovu wa shukrani.

Homa: jambo lisilosubiri

Hili ndilo fundisho lenye uzito mkubwa zaidi. Kijana aliyeumwa na mbu siku chache kabla ya safari huweza kuugua malaria akiwa tayari ugenini. Malaria ya Plasmodium falciparum kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuambukizwa, na kwa mtu mwenye kinga kiasi huweza kuchelewa zaidi. Kipindi hicho ndicho hasa majuma ya kwanza. Marekani huandikisha takribani wagonjwa 2,000 wa malaria kwa mwaka, karibu wote wakiwa wasafiri, kiasi kwamba daktari wa mji mdogo huenda hajawahi kumwona hata mmoja. Homa, kichwa kuuma na kutapika vitaitwa mafua, na kijana ataambiwa apumzike. Malaria kali huweza kuingia ndani ya siku moja au mbili.

Kijana akariri sentensi moja na kuisema kwa kila mhudumu: "Nimetoka Tanzania hivi karibuni, kuna malaria huko, naomba nipimwe damu leo." Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, hurudiwa kila baada ya saa 12 hadi 24, hadi vitimie vipimo vitatu.

Vipimajoto vya huko husoma kwa Farenhaiti: nyuzi 100.4 ni sawa na 38 za Selsiasi. Aidha, dawa tunayoiita paracetamol huuzwa huko kwa jina la acetaminophen, na imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Asiyejua huweza kumeza dozi mara mbili na kuumiza ini.

Kifua kikuu na kovu la BCG

Mwanafunzi huweza kutakiwa kupimwa kifua kikuu. Chanjo ya BCG aliyopewa utotoni huweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe ingawa hana maambukizi, naye akajikuta akiogopwa. Afadhali kipimo cha damu kinachochunguza mwitikio wa chembe za kinga, kwa kuwa hakiathiriwi na BCG. Kikionyesha maambukizi, afanyiwe uchunguzi na picha ya kifua. Maambukizi fiche si ugonjwa na hayaambukizi wengine.

Karatasi moja ya kubeba

Mhudumu wa afya anayemwandaa kijana amwandikie kwa Kiingereza ukurasa mmoja wenye:

- Chanjo na tarehe zake, zikiwemo surua, polio, pepopunda, homa ya ini B na BCG.
- Kundi la damu na hali ya selimundu. Mwenye kubeba kinasaba kimoja cha selimundu huwa mzima, lakini mazoezi makali kwenye joto bila maji huweza kumdhuru. Mwalimu wa michezo ajue.
- Magonjwa ya kudumu, mizio, na dawa kwa majina yake ya kitabibu.
- Mawasiliano ya mzazi na ya kituo kinachomfahamu.

Dawa zibaki katika vifungashio vyake, kwenye mkoba wa mkononi.

Hitimisho

Vijana wengi huvuka majuma haya salama, wakapata ndugu wapya. Kinachowasaidia si ushujaa wa kunyamaza bali wepesi wa kusema: nina njaa, nimechoka, nina homa, nimeumizwa. Mzazi na aendelee kuyalinda mafanikio hayo mtoto arudipo, kwani kinga ya malaria hupungua mtu akikaa mbali na vimelea. Siku ya kwanza ya kurudi alale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa yake ipimwe mapema kama ya mgeni.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi aliyefika siku 12 zilizopita ana homa ya nyuzi 102 za Farenhaiti na mwenyeji anasema ni mafua. Hatua gani ichukuliwe?
2. Kihoro cha nyumbani kinatofautianaje na sonona?
3. Kwa nini kipimo cha ngozi cha kifua kikuu huweza kupotosha kwa aliyechanjwa BCG?

Majibu

1. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, aeleze alikotoka na apimwe malaria. Kipimo kirudiwe homa ikiendelea.
2. Kihoro huja na kuondoka na hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona hudumu karibu kutwa kwa majuma mawili au zaidi na huvuruga maisha ya kila siku.
3. Kwa sababu chanjo yenyewe huweza kuufanya mwili uitikie kipimo hicho bila kuwepo maambukizi.