Ugonjwa Hausimamishi Siku

Somo la kujifunza pamoja: mwajiri, mfanyakazi na mahakama wakati wa maradhi ya kuambukiza



Nchi hii yetu ya Unyamwezi ilipitiwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Ziwa Viktoria. Wazee wetu wengi walikuwa wapagazi katika njia hiyo. Misafara ilibeba pembe na nguo, tena ilibeba ndui. Mpagazi aliyeshikwa na ndui safarini mara nyingi aliachwa kando ya njia. Msafara uliendelea, na mzigo wake akapewa mwingine.

Siku hizi mfanyakazi hawezi kuachwa kando ya njia namna hiyo, kwa sababu ipo sheria. Lakini sheria humsaidia yule anayekwenda kuitafuta kwa wakati wake. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona, ambao baadaye tuliuita Uviko-19, ulipoingia nchini, wengi walidhani kwamba kila kitu kimesimama. Waajiri wengine walidhani wamefunguliwa kutoka katika mikataba yao. Wafanyakazi wengine walikaa nyumbani wakisema, "Ugonjwa ukiisha nitakwenda kudai." Wote wawili walikosea, na wako waliopoteza haki zao kwa kosa hilo. Maradhi hayajatuacha: ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Mkoa wa Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Basi yafaa tujifunze jambo hili sasa, kabla hatujafikiwa.

1. Siku za sheria ni nini?

Sheria huweka idadi ya siku za kupeleka madai. Siku hizo zikipita, mlango hufungwa, hata kama haki ilikuwa yako. Haikuwekwa hivyo kwa ukatili. Mashahidi hufa, karatasi hupotea, na mtu hawezi kuishi miaka yote akingoja kushtakiwa kwa jambo la zamani. Tuangalie siku chache zinazotuhusu sana:

Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.
Madai mengine ya kazi, mathalani mshahara usiolipwa, yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.
Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya.
Madai ya mkataba wa kawaida yana miaka 6, na madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12.

Angalieni tofauti hiyo. Mwenye shamba ana miaka 12, lakini aliyefukuzwa kazi ana mwezi mmoja tu. Ndiyo maana ugonjwa wa majuma matatu humwumiza mfanyakazi kuliko mtu mwingine yeyote.

Katika kuhesabu, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Aliyeachishwa Jumatatu tarehe 6 Aprili 2020, siku yake ya kwanza ni tarehe 7 Aprili, na siku ya 30 ni Jumatano tarehe 6 Mei. Kama siku ya mwisho ingeangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya taifa, angepokelewa siku ya kazi inayofuata.

2. Je, ugonjwa ulisimamisha siku hizo?

Nchi mbalimbali zilifanya mbalimbali. Uganda, Jaji Mkuu Bart Katureebe alisimamisha kusikiliza kesi kwa siku 32 kuanzia tarehe 20 Machi 2020. Kenya, Jaji Mkuu David Maraga alipunguza kazi za mahakama kuanzia tarehe 16 Machi. Huko India, Mahakama ya Juu iliamuru kwamba siku zote tangu tarehe 15 Machi 2020 zisihesabiwe, na amri hiyo ikaongezwa mara kwa mara mpaka tarehe 28 Februari 2022.

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa, lakini nyumba za ibada ziliachwa wazi, watu waliambiwa waendelee na kazi, na mahakama hazikufungwa. Mahali pengine kesi zilisikilizwa kwa njia ya video. Mahakama ikiwa wazi, siku zinakwenda. Sheria yetu ya Ukomo, ya mwaka 1971, inasema kwamba siku ya mwisho ikifika wakati mahakama imefungwa, mtu anaweza kufungua shauri siku mahakama itakapofunguliwa tena. Lakini mlango ukiwa wazi, ugonjwa ulioko mjini peke yake haumfunguliwi mtu mlango wa pili.

Neno kubwa la somo hili ndilo hili: ugonjwa hausimamishi siku. Ugonjwa ni sababu ya kuomba uongezewe siku. Tena ombi hilo lazima uliandike na kulithibitisha.

3. Jinsi ya kuomba kuongezewa muda

Tume ya Usuluhishi na mahakama zina uwezo wa kumpokea aliyechelewa, akionyesha sababu ya kutosha. Kwenye Tume huangaliwa mambo haya: amechelewa kwa kiasi gani, kwa nini amechelewa, je, madai yake yana nguvu, na je, upande wa pili utaumizwa akipokelewa. Na Mahakama ya Rufani, katika ombi namba 2 la mwaka 2010 la kampuni ya Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, ilifundisha kwamba mwombaji lazima aeleze muda wote aliochelewa, kuchelewa kwenyewe kusipite kiasi, na aonyeshe kwamba hakuzembea.

Tuchukue mfano. Tuseme mhudumu wa nyumba ya wageni mjini Nzega aliachishwa tarehe 6 Aprili 2020, kwa sababu madereva wa malori walipungua. Siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Mei. Lakini tarehe 20 Aprili alishikwa na homa na kifua, akalazwa mpaka tarehe 11 Mei. Alifika kwenye Tume tarehe 25 Mei. Amechelewa siku 19.

Akisema tu, "Ilikuwa wakati wa korona," hatasikilizwa, maana wengine walifika wakati huo huo wa korona. Hana budi kuzieleza siku zote 19. Karatasi ya hospitali inaeleza tangu tarehe 7 hata 11 Mei: siku 5. Cheti cha daktari cha kupumzika juma moja kinaeleza tangu 12 hata 18: siku 7. Zimebaki siku 7, tangu tarehe 19 hata 25. Alikuwa wapi? Kama alikuwa akitafuta karatasi zake, aonyeshe. Kama alikaa tu akifikiri, siku hizo 7 zinaweza kuiangusha haki yake yote. Kutojua sheria hakupokelewi kuwa sababu. Kukosa nauli nako mara nyingi hakukubaliwi.

Kwa hiyo, ukiugua wakati siku zako zinakwenda, fanya haya. Tunza kila karatasi ya zahanati yenye tarehe. Mwombe ndugu akuandikie tarehe za mambo yaliyotokea, siku kwa siku. Ukipata nafuu, nenda siku ile ile, usingoje kupona kabisa. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kipe habari mapema. Wala usiogope lugha: tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya mabaraza yanayotoa haki. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

4. Wajibu wa mwajiri haukuondoka

Sasa tugeuke upande wa mwajiri. Wengi hufikiri mwajiri ni serikali au kampuni kubwa, kama ile iliyochimba dhahabu ya Golden Pride hapa kwetu. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia mwenye duka aliyeajiri kijana mmoja, na mama aliyeajiri msichana wa kazi za nyumbani.

Biashara ikianguka kwa sababu ya maradhi, mwajiri ana shida ya kweli, na sheria inaitambua. Lakini shida si sawa na kutowezekana. Sheria yetu ya Mikataba inasema kwamba jambo likiwa haliwezekani kabisa kutendeka, mkataba wa kulitenda huondoka. Haisemi kwamba jambo likiwa gumu au la hasara, mtu asilipe. Mkataba wa kazi unaendelea kuishi mpaka umalizwe kwa njia ya sheria.

Kwanza, mshahara. Mwajiri hawezi kuupunguza peke yake kwa kutangaza tu asubuhi. Akae na wafanyakazi, waelewane, waandike. Wako wafanyakazi waliokubali nusu mshahara kwa miezi michache ili kazi isife. Hiyo ni halali ikiwa wamekubali kweli.

Pili, mgonjwa. Mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Alete cheti cha daktari. Mgonjwa hafukuzwi kwa kuwa watu wanamwogopa.

Tatu, usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake wakiwa kazini. Wakati wa maradhi ya kuambukiza, maji na sabuni mlangoni si zawadi ya mwajiri. Ni wajibu wake.

Nne, kupunguza wafanyakazi. Ikiwa hakuna njia nyingine, sheria inaruhusu. Lakini mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu zake wazi, ashauriane nao juu ya njia za kuepuka jambo hilo, na juu ya nani ataondoka na kwa kipimo gani. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Aliyefanya kazi mwaka mzima au zaidi alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, isizidi miaka 10. Basi yule mhudumu wa Nzega, kama alitimiza miaka 4, kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku 28, mbali na notisi, likizo aliyokuwa akidai, na siku alizokwisha fanya kazi. Apewe pia cheti cha utumishi.

5. Na sisi kanisani je?

Ndugu, tusimalize somo kwa kuwatazama wengine. Parishi nayo ni mwajiri. Wako walinzi, wapishi, waalimu wa chekechea, na wanaofagia. Mwaka 2020, hata pale ibada zilipoendelea, sadaka zilipungua mahali pengi, na aliyepunguziwa kwanza mara nyingi ni yule asiye na sauti katika halmashauri. Tulimwambia "tuvumiliane," naye akavumilia. Lakini uvumilivu wa mlinzi si risiti. Kama hakukubali kwa hiari yake, na kama hakuna maandishi, lile ni deni. Hata ikiwa siku zake 60 za kwenda kwenye Tume zimepita, deni limefungiwa mlango wa Tume tu. Dhamiri zetu haziwekewi siku na sheria yoyote. Agizo la Walawi 19 juu ya ujira wa kibarua tunalijua sote.

Ni vema kila halmashauri ya parishi iwe na mkataba wa maandishi kwa kila mfanyakazi, hata kama ni ukurasa mmoja, na mhazini aandike katika daftari kila mshahara uliochelewa, na tarehe utakapolipwa. Maradhi mengine yakija, tusiwe tukitafutana.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kijana wako ameachishwa kazi leo. Mhesabie siku yake ya mwisho ya kwenda kwenye Tume.
2. Kuna tofauti gani kati ya kusema "nilikuwa mgonjwa" na kuonyesha kwamba ulikuwa mgonjwa? Taja karatasi tatu ambazo zingekusaidia.
3. Mwenye duka amepata hasara kwa sababu ya maradhi. Afanye nini kabla ya kumwondoa mfanyakazi wake?
4. Je, parishi yetu ina deni lolote kwa mtu aliyeitumikia wakati wa shida? Nani atalipeleka jambo hilo katika halmashauri ijayo?