Dharura na Mwendo Kasi: Mpaka ni Upi?

Ndugu Waislamu, mama mjamzito amepewa rufaa kutoka Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, kwenda Sokoine, Lindi, kwa gari la kukodi. Mbele kuna kijiji na kibao cha 50. Je, dereva ana udhuru wa kukipita kasi?

Kanuni ya fiqhi inasema dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini wanachuoni waliiwekea mpaka: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, na madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Mtoto anayevuka barabara naye ana roho.

Tupige hesabu. Kijiji cha kilomita 2, kwa mwendo wa 50, hupitwa kwa sekunde 144. Kwa mwendo wa 100, sekunde 72. Kwa dakika moja na ushei umeweka rehani roho za wanakijiji, na ya mgonjwa wako pia.

Naye askari asimcheleweshe mgonjwa kwa ajili ya faini. Amtazame, aandike namba ya gari, awaruhusu; kosa lishughulikiwe baadaye. Ama anayesingizia mgonjwa, huyo anawadhulumu wagonjwa wa kweli, kwani kesho askari hatamwamini yeyote.

Wallahu a'lam.