Mtoto ameshakariri

*Shangazi, nina mtoto wa kiume wa Machi 2012, miaka 13, yuko darasa la saba, winga wa kulia. Niko njia panda kati ya akademi mbili. Ya kwanza ni jirani na nyumbani, ada nafuu, lakini mwaka mzima anakalia benchi kwa sababu ana mwili mdogo. Ya pili ni daladala mbili, ina nyasi bandia na jezi za maana, na mawakala wanapita pale. Huko wamekubali acheze na wa chini ya miaka 12. Kuna mambo madogo ya cheti yanashughulikiwa, laki moja na nusu tu, atasomeka wa Agosti 2014, na mwenyewe ameshakariri. Ana mdogo wake wa kike wa Novemba 2014, huyo hana habari na mpira. Je, umbali hautamchosha na masomo?*

*Baba Winga, Mbagala (barua imefupishwa)*

Baba Winga, umbali utamchosha. Hilo tumelimaliza.

Sasa turudi kwenye neno ulilolipitisha harakaharaka kama mtu anayevusha magendo usiku: "ameshakariri". Mtoto hakariri tarehe yake ya kuzaliwa. Anaijua tu, kama anavyolijua jina la mama yake. Kwa hiyo kulikuwa na jioni ambayo ulimkalisha ukamuuliza amezaliwa lini, akasema Machi 2012, ukamwambia hapana, rudia. Akarudia mpaka akapatia. Na yule mdogo wake alikuwa wapi? Kwenye nyumba zetu hizi ukimfundisha mmoja, wote wanasoma.

Halafu hesabu mlipiga lini? Wa Agosti 2014 anafuatiwa na wa Novemba 2014. Mama watoto kajifungua mara mbili ndani ya miezi mitatu, mpe pongezi zangu. Kadi ya kliniki iko palepale kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, na nesi aliandika tarehe ya kweli kwa mkono wake. Aliyekula laki moja na nusu yako hakujishughulisha hata kuuliza kama mtoto ana ndugu.

Kughushi cheti ni kosa la jinai, hilo unalijua, sitalirefusha. Nizungumze mpira, maana ndio unaousikia. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia. Hawakucheza. Tulitolewa kwa sababu ya umri. Miaka 12 baadaye kibao kikageuka: Kongo Brazzaville walishindwa kumleta mchezaji wao apimwe umri, wakaondolewa, na vijana wetu wakapata nafasi ya kwenda Gabon 2017. Kile kipimo ni MRI ya kifundo cha mkono. FIFA wanakitumia kwenye Kombe la Dunia la umri huo tangu 2009. Mwanao anaweza kukariri, mfupa wake hauwezi.

Na hao mawakala unaowakodolea macho, je? Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache. Kwa cheti chako kipya, mwanao atatimiza 18 ya makaratasi akiwa na 20 na ushee za mwilini. Umelipa laki na nusu kumcheleweshea safari uliyokuwa ukimwombea.

Vijeba nimewaona kwa macho. Nilisimama nyuma ya goli kwenye mechi ya chini ya miaka 15, nusu saa kabla ya kuanza, kijana mmoja akinyolewa kidevu nyuma ya bajaji, kwa wembe mkavu, na mtu mzima kamshikia kioo. Akafunga mabao mawili kwa kifua na mabega. Hakupiga chenga hata moja, ya nini, wakati wenzake walikuwa wanapukutika wakimgusa? Kijeba hajifunzi kitu. Siku anakutana na wa umri wake, anakuwa mchezaji wa kawaida ambaye hajui kwa nini uwanja umebadilika.

Lakini si mpira ulionifanya nichukue kalamu. Mimi nilirudia darasa la saba kwa jina la msichana aliyeacha shule. Enzi zile walifanya wengi, na mwalimu aliyelipanga alidhani ananisaidia. Baba alikubali kwa nia njema, kama wewe. Jioni ya kwanza nilikaa kwenye mkeka karibu na kibatari nikaandika lile jina mara 50 ili mkono uzoee. Nilifaulu. Vyeti vyangu vyote vina jina la yule binti. Mwalimu akiita, nilikuwa nachelewa kidogo kuitikia, na hiyo sekunde moja ya kuchelewa ninayo hadi leo. Baba alifariki akiniita kwa jina ambalo halimo kwenye cheti changu hata kimoja. Sikumlaumu, na bado sijui kama nimemsamehe. Ndiyo maana mzazi akiniambia "mambo madogo ya cheti" mikono inanitetemeka.

Twende kwenye benchi, maana ndilo linalokuuma. Sikatai, linauma: Jumamosi nzima juani, umeshika chupa ya maji, mwanao kavaa bibu. Lakini soma tena ulichoandika. Hujasema mtoto analia. Hujasema anataka kuhama. Kwenye barua yote mtoto ametenda jambo moja tu, kukariri. Miaka 13 wengine sauti zimeshakuwa nzito, wengine bado ni vitoto. Darasa lake lenyewe liko hivyo. Mwili utakuja kwa wakati wake, na kwa sasa huyu mwenye mwili mdogo analazimika kutumia akili na mguso wa kwanza, mambo ambayo jitu halihangaiki nayo.

Akademi ya jirani mbakishe, ila kocha mfuate, umuulize bila kugombana: mwanangu anahitaji nini ili apate dakika 20? Asipokuwa na jibu, tafuta ya tatu, inayochezesha watoto wote na inayouliza matokeo ya shule. Mbagala hazikosekani. Shuleni kwake pia kuna UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ambako mwalimu wa michezo anamjua kwa jina na darasa. Hiyo ya nyasi bandia achana nayo, na usidai pesa yako.

Cheti kipya kikifika, kichane mbele yake, na mdogo wake awepo. Jumamosi mkifika uwanjani, mtu akiuliza umri wa winga, nyamaza wewe. Mwache ajibu mwenyewe.